Ajali ya treni ina kinga: tusimame kwenye makutano ya reli



Sisi tunaofanya kazi wodini tumezoea kusikia maneno haya kutoka kwa ndugu wa majeruhi: "Ajali haina kinga, Sista. Tumwachie Mungu." Huwa hatubishani nao, maana mtu mwenye uchungu hafundishwi mlangoni pa chumba cha upasuaji. Lakini katika ukurasa huu, tukiwa tumekaa na akili zetu zimetulia, tunapenda kusema wazi kwamba ziko ajali zenye kinga, na ajali ya gari kugongwa na treni ni mojawapo. Kinga yake haiuzwi katika duka la dawa. Ni kusimama kidogo, kutazama na kusikiliza, kabla ya kuvuka reli.

Hospitali yetu haiko mbali na reli. Tukiwa zamu ya usiku tunasikia honi ya treni ya mizigo ikipita, na kila mmoja wetu hujikuta anasubiri mpaka mlio ule upotee. Tuna sababu ya kufanya hivyo.

Jioni moja ya mwezi wa Agosti, miaka kadhaa iliyopita, tuliletewa watu tisa kwa mara moja. Walikuwa wanatoka kuzika katika kijiji cha jirani, wamepanda gari dogo la mizigo, wengine wamekaa kwenye kingo za bodi. Walipofika mahali barabara inapokata reli, pasipo na geti wala taa, dereva hakusimama. Gari lililotangulia lilikuwa limepita salama, naye akalifuata. Kichwa cha treni kililigonga gari lao upande wa nyuma. Wawili walikuwa wameshafariki walipofika kwetu. Wa tatu alifariki usiku ule, tukiwa bado tunatafuta damu ya kundi lake.

Mama mmoja aliyevunjika mfupa wa paja alilala kwetu wiki kumi, mguu ukivutwa kwa uzito. Siku ya nne, tulipokuwa tunambadilishia shuka, alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Sista, mimi treni niliiona. Niliiona taa yake. Nikasema moyoni, bila shaka dereva naye ameiona. Nikaona haya kumpigia kelele mtu mzima mbele za watu."

Tuliposikia hayo tulitazamana. Maana hata sisi, tulipokwenda kliniki ya mkoba kupima watoto na akina mama wajawazito vigangoni, tulipita kwenye makutano yale yale kila wiki. Tulijazana garini pamoja na mizani na masanduku ya chanjo, wala hatukuwahi kumwambia dereva wetu asimame. Tulikuwa tunasali Rozari huku tunavuka reli bila kutazama. Yule mama alijilaumu kwa kunyamaza siku moja. Sisi tulikuwa tumenyamaza miaka.

KWA NINI TRENI HAIWEZI KUTUKWEPA

Watu wengi hudhani kwamba dereva wa treni akiliona gari atafunga breki na kusimama kama lifanyavyo basi. Hawezi. Gurudumu la treni ni la chuma na reli ni ya chuma. Chuma juu ya chuma huteleza, haking'ang'anii kama tairi la mpira linavyong'ang'ania lami. Tena treni ya mizigo ina uzito wa mamia ya tani, mara nyingi zaidi ya tani elfu moja. Dereva wake akifunga breki zote kwa nguvu, treni yenye uzito na mwendo mkubwa huweza kuendelea kwa nusu kilomita, hata kilomita nzima, kabla ya kusimama. Wala hana usukani wa kukwepa kulia au kushoto. Akishaliona gari limekaa juu ya reli mbele yake, mara nyingi kilichobaki ni kupiga honi.

Jambo la pili ni kwamba macho yetu hutudanganya. Kitu kikubwa kikija kuelekea kwetu huonekana kama kinakwenda polepole. Treni iendayo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kwa kila sekunde moja. Ikiwa mita 200 kutoka ulipo, itakufikia katika sekunde 12. Sasa fikiri juu ya lori lenye tela, limebeba magunia ya mahindi, linaanza kuondoka kutoka kusimama. Mpaka sehemu ya nyuma ya tela iondoke kabisa relini, sekunde 10 au zaidi zimekwisha. Ukisema "bado iko mbali, tunawahi", umechezea sekunde mbili za uhai wa watu.

Jambo la tatu ni mazoea. Dereva aliyepita mahali hapo mara mia bila kuona treni, mara ya mia na moja hatazami tena. Hatari hii ni kubwa zaidi mahali ambapo treni hupita kwa nadra, au reli ilipolala muda mrefu kisha ikafufuliwa. Treni ya abiria ilirudi Moshi mwezi Desemba 2019, na Arusha mwezi Oktoba 2020, baada ya miaka mingi. Kulikuwa na vijana waliokua na kupata leseni ya udereva bila kuiona treni ya abiria ikipita kwao. Na hata pale tunapoijua ratiba ya treni ya abiria, treni ya mizigo hatuijui, wala kiberenge cha mafundi wa reli hakina saa tunayoifahamu. Kwa hiyo reli yoyote tuihesabu kuwa ina treni, mpaka tuhakikishe kwa macho na masikio kwamba haina.

SHERIA INATAKA NINI

Sheria ya Usalama Barabarani ya nchi yetu ilitungwa mwaka 1973, na alama za barabarani zina nguvu ya sheria hiyo. Kwenye makutano ya reli na barabara, kanuni kubwa ni moja: treni ndiyo yenye haki ya kupita kwanza. Hatuipi treni nafasi kwa hisani yetu. Ni wajibu wetu.

Alama zenyewe tuzifahamu, hata sisi tusioendesha. Kwanza hutangulia pembetatu yenye ukingo mwekundu na picha ya treni au ya geti. Hiyo yasema: punguza mwendo, reli iko mbele. Kisha, karibu na reli yenyewe, huweza kuwapo alama nyekundu ya pembe nane, ambayo ni amri ya kusimama kabisa, magurudumu yasizunguke. Kuvuta breki kidogo na kupita si kusimama. Pengine huwapo pia mbao mbili zilizopishana mfano wa herufi X. Alama hiyo hujulikana katika nchi nyingi kwa jina la Msalaba wa Mtakatifu Andrea, kwa sababu mapokeo ya Kanisa yasema Mtume Andrea aliuawa juu ya msalaba wa umbo hilo. Mkristo aonaye msalaba huo kando ya barabara ana sababu mbili za kusimama.

Penye geti au taa, sheria haina mjadala. Geti likishuka au taa nyekundu ikiwaka, hakuna kupita, hakuna kuzunguka ncha ya geti, hakuna kuliinua kwa mkono ili pikipiki ipenye. Mshika bendera akiinua bendera nyekundu, naye atiiwe vivyo hivyo. Pasipo na geti wala taa, na makutano mengi ya reli zetu za zamani yako hivyo, mzigo wote wa kuangalia uko kwa dereva. Na pale ambapo alama imeng'oka au imeibwa na wauza vyuma chakavu, reli yenyewe ndiyo alama.

Wengine watasema: "Sasa tuna reli mpya ya umeme, mambo hayo yamepitwa na wakati." Ni kweli kwamba treni za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kwamba reli hiyo imejengwa na uzio, na barabara hupita juu yake au chini yake. Lakini reli ya zamani haijang'olewa. Tarehe 29 Novemba 2023, siku moja kabla ya sikukuu ya Mtume Andrea, basi la abiria liligongana na treni wilayani Manyoni, mkoani Singida, na watu 13 wakapoteza maisha. Hao walikuwa wazazi na watoto wa watu, wako safarini kama sisi tunavyosafiri.

DEREVA AFANYE HIVI

1. Aanze kupunguza mwendo mapema, na asijaribu kulipita gari jingine anapokaribia reli.

2. Asimame kwenye mstari au alama ya kusimama. Kama hakuna, asimame hatua kadhaa kabla ya reli ya kwanza, maana treni ni pana kuliko njia yake.

3. Afungue dirisha, azime redio, na abiria wanyamaze. Aliye kwenye pikipiki atoe visikilizio vya simu masikioni.

4. Atazame kulia, kushoto, na kulia tena. Kama nyasi, mahindi au vibanda vinaziba, utingo au abiria mmoja ashuke atazame, akae mbali na reli, kisha amwashirie. Kuna ukungu au vumbi? Asikilize kwa muda mrefu zaidi.

5. Asiingie relini mpaka aone kwamba ng'ambo kuna nafasi ya gari lake lote. Mjini hili ndilo kosa kubwa. Daladala hufuata foleni, foleni inasimama, nayo inabaki juu ya reli ikiwa na watu thelathini.

6. Avuke kwa gia ndogo bila kubadili gia akiwa juu ya reli, ili gari lisizimike.

7. Treni ikishapita asikimbilie kuondoka. Atazame tena pande zote mbili, kwa sababu penye njia mbili treni ya pili huweza kufichwa na ya kwanza.

8. Asiseme "mwenzangu amepita". Mwenzako alipita kwa sekunde zake. Zako hujui zimebaki ngapi.

Mwenye baiskeli au mkokoteni ashuke na kuusukuma. Mwenye bodaboda aliyebeba mama na mtoto mgongoni awashushe, avushe pikipiki, nao wavuke kwa miguu. Wazee walisema kawia ufike.

ABIRIA NAYE ANA MDOMO

Hapa ndipo tunapomkumbuka yule mama. Sisi Waafrika tumelelewa kumheshimu mkubwa, na dereva garini ni kama baba mwenye nyumba. Basi tunamwogopa. Tunaona tumpigie kelele halafu abiria wengine watucheke. Lakini amri ya tano ya Mungu haikuandikwa kwa ajili ya wenye bunduki tu. Yatutaka tulinde uhai, wa kwetu na wa wenzetu. Kunyamaza mbele ya hatari unayoiona si adabu.

Maneno ya kusema si mengi, na yanaweza kusemwa kwa heshima: "Baba dereva, tunakuomba usimame kwenye reli." Yasemwe mapema, kabla ya kufika. Likisemwa na mtu mmoja laweza kupuuzwa. Likisemwa na watu watano, dereva husimama. Katika gari letu la kliniki ya mkoba tuliweka utaratibu huu tangu mama yule alipotuambia habari yake: anayekaa mbele husema kwa sauti "Reli," na wote hunyamaza mpaka tuwe ng'ambo. Mwanzoni dereva wetu alinuna kidogo. Leo ndiye anayelitamka neno hilo kwanza.

GARI LIKIZIMIKA JUU YA RELI

Msianze kwa kusukuma. Waokoeni watu kwanza. Wote washuke mara moja, watoto na wazee wakitangulia, waache mizigo. Wasogee mbali na reli. Kama treni tayari inaonekana, wakimbilie pembeni mbali na reli kwa kuelekea kule inakotoka, kwa sababu gari likigongwa vyuma vyake hutupwa mbele, upande ambao treni inaelekea.

Kama treni haijaonekana, watu wawili wenye nguvu wafuate kando ya reli, mmoja kila upande, waende mbali kadiri wawezavyo, ikiwezekana zaidi ya nusu kilomita. Wapunge kitambaa chekundu mchana, au tochi usiku, wakiwa pembeni na si katikati ya mataluma. Mwingine apige simu polisi namba 112 au akimbilie stesheni iliyo karibu. Hapo ndipo waliobaki waweza kujaribu kulisukuma gari, huku mmoja akitazama reli pande zote.

AJALI IKIWA IMETOKEA

Ndugu wasomaji, majeruhi wengi wangefika kwetu katika hali nzuri zaidi kama wale wa kwanza kuwafikia wangejua mambo machache.

Kwanza, hakikisheni treni imesimama kabisa na dereva wake anajua kuwa mko hapo, kabla ya kuingia chini ya behewa au kwenye mabaki ya gari. Msivute sigara wala kuwasha moto, kwani mafuta huwa yamemwagika.

Pili, anayepiga kelele anapumua. Mwendeeni kwanza aliyenyamaza. Kama hajitambui lakini anapumua, mgeuzeni kwa ubavu, kichwa na mwili kwa pamoja kama gogo moja, ili damu au matapishi yasimzibe koo.

Tatu, damu inayotoka kwa wingi izuiwe kwa kukandamiza kidonda kwa khanga au kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunua kila mara kutazama. Mkono au mguu ukiwa umekatika, au damu ikikataa kukoma, fungeni kwa kitambaa kipana juu ya jeraha, si kwenye kiungo, mkikaze kwa kijiti mpaka damu ikome. Andikeni saa mliyofunga, na msifungue njiani. Msitumie kamba nyembamba wala waya.

Nne, msimbebe mtu kwa kumshika mikono na miguu. Uti wa mgongo uliovunjika huweza kukatika hapo hapo, na aliyeweza kutembea tena asitembee maisha yake yote. Tafuteni mlango au ubao mpana, watu wanne au zaidi, na mmoja ashike kichwa kisiyumbe. Mguu uliovunjika ufungwe kwenye ule mzima au kwenye ubao.

Tano, msimpe majeruhi chai, maji wala soda. Huenda akahitaji upasuaji, na tumbo lililojaa ni hatari wakati wa nusu kaputi. Mfunikeni apate joto.

Sita, mleteni hospitali hata yule asemaye "mimi sijaumia". Tumeona mtu asiye na mchubuko akianguka baada ya saa mbili kwa sababu wengu au ini limepasuka na damu imejaa tumboni. Akianza kutoka jasho la baridi, kuwa mweupe viganjani na mapigo ya moyo kwenda mbio, msichelewe. Mama mjamzito aletwe kwa vyovyote. Na msikae nyumbani mkisubiri kwanza fomu ya polisi, PF3. Uhai hutangulia, karatasi hufuata.

Na saba, njooni mtoe damu. Usiku ule wa Agosti hatukupungukiwa dawa wala mikono. Tulipungukiwa damu.

PAROKIA ZETU ZIFANYE NINI

Kwaya, WAWATA, Utoto Mtakatifu na jumuiya ndogondogo husafiri sana, kwenda hija, jubilei, upadrisho na misiba. Tunashauri kila kikundi kichague mtu mmoja wa usalama kabla ya safari. Kazi yake iwe kumweleza dereva, mbele ya wote, kwamba gari litasimama kwenye kila reli, na kwamba hakuna atakayekaa kwenye kingo za bodi. Katekista awafundishe watoto wa mafundisho kwamba reli si mahali pa kuchezea wala kuanika mahindi. Na waamini wenye mashamba au vibanda kando ya reli wakumbuke kwamba hifadhi ya reli si mali yao. Hindi moja lililokua pale dereva anapotakiwa kutazama laweza kugharimu kuliko gunia.

Alama ikianguka au nyasi zikiziba, mwenyekiti wa jumuiya apeleke habari serikali ya kijiji na stesheni ya karibu. Tusisubiri msiba utufundishe.

Yule mama anatembea sasa, kwa mkongojo mmoja. Huja kliniki yetu na mjukuu wake siku za chanjo. Alitupa ruhusa ya kusimulia habari yake bila kutaja jina, akaongeza neno moja kwa ajili yenu: "Waambieni wapige kelele. Haya huisha siku hiyo hiyo."

Mungu awabariki katika safari zenu zote.